Mganga wa Zahanati na Ugonjwa Uliosemwa Haupo Usambara

Watu waliokulia katika vijiji vya Usambara, na pengine katika Tanganyika nzima, wanajua kiberiti kitupu kilikuwa na kazi gani. Njiti zilipokwisha hakikutupwa. Kiliwekwa mahali, na siku mtoto alipoambiwa alete choo zahanati, ndicho kilichokwenda naye, kimefungwa kwa karatasi, kimeshikwa kwa vidole viwili, na mshikaji akiomba Mungu asikutane na wenzake njiani. Darubini ilitazama, mayai ya minyoo yakaonekana au yasionekane, dawa ikatolewa, na mambo yakaishia hapo. Naanza na kiberiti hicho kwa sababu insha hii ni habari ya choo, na mtu anayetaka kuandika habari ya choo kwa Kiswahili hana budi kuomba radhi kwanza. Nimekwisha omba, sasa na tuendelee.

Mama yangu alizaliwa Mgwashi, kata iliyo upande wa Bumbuli katika Usambara Magharibi. Kaka yake, mjomba wangu, alikaa huko maisha yake yote, akilima chai kidogo, maharage na migomba. Alipokuwa na umri wa miaka hamsini na tisa aliona damu katika choo chake. Hakumwambia mtu kwa miezi kadha. Na alipokwenda kutibiwa alipewa dawa ya minyoo. Damu ilipungua, au yeye alidhani imepungua. Mara ya pili alipewa dawa ya minyoo tena, na mara ya tatu akaambiwa ni bawasiri. Jirani mmoja mwenye ujuzi wa mizizi naye alimtibu bawasiri. Alikonda, akaishiwa damu, akaambiwa ale mboga za majani. Ilipokaribia kutimia miaka miwili tumbo lilifunga kabisa, ndugu wakamteremsha Mombo usiku, na katika hospitali kubwa alikofikishwa alipasuliwa, ikaonekana kwamba saratani ya utumbo mpana imekwisha enea mpaka kwenye ini. Alizikwa Mgwashi baada ya wiki saba.

Sitaji zahanati wala hospitali, wala sina neno na ye yote aliyemhudumia. Kila mmoja wao alitibu ugonjwa aliofundishwa kwamba upo. Minyoo ipo, kichocho kipo, bawasiri ipo. Ule mwingine walifundishwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu, na kama upo kwetu, basi ni wa wachache wakaao mijini. Swali lililonisumbua tangu msiba ule ni hili: ni nani aliyetufundisha hivyo, na alijuaje?

Jawabu linatupeleka Uganda. Mwaka 1946 aliwasili huko daktari mpasuaji wa Kiairishi aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, mtu mcha Mungu, mwenye jicho moja tu, kwani la pili lilipotea alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alitumwa Lira, kisha akahamia Mulago katika mji wa Kampala. Jina lake linajulikana kwa uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka 1958, na ambao mpaka leo huitwa kwa jina lake. Lakini namna alivyoufuatia uvimbe ule ndiyo inayotuhusu hapa. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na ramani, karatasi na swali. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, alinunua gari kuukuu, wakasafiri karibu maili 10,000 kwa wiki kumi, wakipita Kenya na Tanganyika na nchi za kusini, wakizuru hospitali zaidi ya hamsini, na katika kila moja wakiwaonyesha madaktari picha za wagonjwa na kuuliza: Je, ugonjwa huu mmepata kuuona? Ambapo jibu lilikuwa ndiyo, alitia alama katika ramani. Ambapo jibu lilikuwa hapana, aliacha wazi. Kwa njia hiyo iliyo nyepesi mno akagundua kwamba uvimbe ule hufuata joto na mvua, na kwamba hupungua katika nchi za juu zenye baridi.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alikutana na mawazo ya daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyedai kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vilivyowaletea Wazungu magonjwa yao mengi. Burkitt akaikumbuka njia yake ya Afrika. Akaanza kupeleka fomu kwa madaktari wa hospitali za misheni, akiwauliza kila mwezi wameona wagonjwa wangapi wa magonjwa fulani fulani, na saratani ya utumbo mpana ilikuwa miongoni mwao. Majibu yalirudi yakisema karibu neno moja: ni nadra, hatuoni. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka karibu thelathini, alikuwa amekwisha andika mwaka 1960 kitabu kizima juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika, na ushahidi wake ulikubaliana na huo. Mwaka 1971 Burkitt alitoa makala yake mashuhuri juu ya saratani hiyo, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakatangaza habari ya kupima choo: uzito wake, na muda wa chakula kupita tumboni. Waafrika wa vijijini, walisema, wanapata choo kikubwa na laini, na chakula hakikai. Waingereza wanapata choo kidogo na kigumu, na chakula hukawia siku nyingi. Husimuliwa kwamba aliwaonyesha wasikilizaji wake picha za choo alizozipiga porini, mbele ya mabwana na mabibi waliovaa vizuri. Laiti angalikuwa na kiberiti chetu!

Kwa lugha yetu ya jikoni maneno ya Burkitt yalikuwa haya: kuleni dona, acheni sembe. Anayekoboa mahindi anatupa ganda ambalo ndilo mlinzi wa utumbo. Uchunguzi wa miaka mingi uliofuata haukumwunga mkono katika kila neno, lakini msingi wake haukubomoka. Hata leo wataalamu wanakubali kwamba nafaka zisizokobolewa hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Sasa na tuipime hoja yake kama wanahistoria wapimavyo. Fomu ilikwenda hospitali, na hospitali huhesabu wanaofika. Mzee wa Mgwashi aliyefungwa tumbo mwaka 1968 akafa nyumbani kwa siku nne, yuko wapi katika ramani ile? Hayumo. Katika mahali pake pana uwazi, na uwazi ule ulisomwa kuwa ni afya. Zaidi ya hayo, ugonjwa huu aghalabu huwapata watu waliopita miaka hamsini, na wakati wa uhuru wastani wa umri wa kuishi katika nchi yetu ulikuwa takriban miaka 40. Najua wastani huo ulishushwa na vifo vya watoto wachanga, na wazee walikuwako. Lakini walikuwa wachache kuliko sasa, na waliokuwako hawakuwa na mtu wa kuwatazama ndani ya utumbo.

Hata hivyo simtuhumu Burkitt kwa kosa. Naamini kwamba kwa jumla alisema kweli: saratani ya utumbo ilikuwa nadra Afrika ya Mashariki, nadra sana kuliko Uingereza, na upungufu wa fomu hautoshi kuifuta tofauti kubwa namna ile. Kosa lilitokea baadaye, na si lake. Neno lililokuwa kweli kwa watu wa wakati fulani, wenye chakula fulani, liligeuzwa kuwa tabia ya watu wenyewe. Ilikuwa “hawaugui kwa sababu wanakula hivi”, ikawa “hawaugui”. Sharti likadondoka njiani, kama lidondokavyo neno dogo katika hadithi inayopokezanwa na wengi.

Na sharti lile limebadilika. Katika karne ya 19 ndizi zilikuwa chakula kikuu cha Wasambaa, pamoja na maharage na mboga. Katika karne ya 20 mahindi yalienea, kwanza yakisagwa pamoja na ganda, kisha mashine za kukoboa zikaingia, na sembe ikawa alama ya heshima: mgeni hapikiwi dona. Sukari ilikuwa haba. Sasa chai isiyo na vijiko vitatu huhesabiwa kuwa ni ya mgonjwa. Watu wanaishi zaidi, na wastani wa umri umepita miaka 60. Wachunguzi waliopitia mafaili ya wagonjwa ya Muhimbili na ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, waliona wagonjwa wa saratani hii wakiongezeka mwaka hata mwaka, na wengi wao wakifika ugonjwa umekwisha komaa. Katika dunia nzima, mwaka 2020 peke yake, watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo, na zaidi ya laki tisa wakafa.

Hapa nisimame kidogo, maana mimi ni mwalimu wa lugha wala si mganga, na maneno yana historia yao. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule mdudu wa pwani, na ndilo jina la nyota ya kaa katika falaki. Wagiriki na Warumi nao walimwita ugonjwa huu kaa, kwa sababu ya mishipa inayotandaa kama miguu yake. Kwa hiyo mtu wa Mgwashi, ambaye huenda hajapata kumwona kaa maishani mwake, anatajiwa ugonjwa kwa jina la mnyama wa bahari isiyoonekana kutoka mlimani kwake. Si ajabu kwamba alidhani ni ugonjwa wa wengine.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mwaka 1864 Mholanzi Izaak van Deen alieleza jinsi utomvu wa mti wa gwayako, utokao visiwa vya Karibi, unavyoweza kubadili rangi unapokutana na damu. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Marekani, Greegor, alitoa habari ya wagonjwa aliowapa vikadi vyenye utomvu huo, wakapake choo kidogo nyumbani kwao na kuvirudisha. Maana uvimbe wa utumbo, na hata vile vinyama vidogo vinavyotangulia kabla ya saratani, hutoa damu kidogo isiyoonekana kwa macho miaka kadha kabla ya mtu kuhisi lo lote. Wazo hilo lilihojiwa kwa muda mrefu, mpaka yakatokea majaribio matatu makubwa. La Minnesota, lililotangazwa mwaka 1993, lilihusisha watu zaidi ya 46,000, na waliopimwa kila mwaka vifo vyao vya saratani hiyo vilipungua kwa theluthi moja. Ya Nottingham na ya Funen katika Denmark yalitangazwa mwaka 1996. Huko walipimwa kila baada ya miaka miwili, na vifo vikapungua kwa asilimia 15 na 18. Siku hizi utomvu umeachwa mahali pengi, na kinatumika kipimo kinachotambua hemoglobini ya binadamu peke yake, bila mtu kukatazwa nyama wala mboga siku za kupimwa.

Kipimo kilipothibitishwa likazuka swali ambalo madaktari hawakulizoea: nani amkabidhi mtu? Ufaransa ilijibu: daktari wa familia. Raia wa miaka 50 hadi 74 alipelekewa barua ya kumwambia aende kwa daktari wake achukue kipimo. Baadaye, kuanzia mwaka 2022, maduka ya dawa nayo yakaruhusiwa kutoa. Uingereza ilijibu: posta. Tangu mwaka 2006 kipimo chenyewe kililetwa mlangoni na ofisi ya utaratibu huo, bila mtu kumwona daktari. Mtu angetazamia kwamba njia ya Ufaransa ndiyo bora, kwani daktari wa familia anamjua mtu na watoto wake. Haikuwa hivyo. Ufaransa ni karibu theluthi moja tu ya walioalikwa ndio waliopima, ilhali Uingereza walipita nusu. Lakini Waingereza nao waligundua jambo lao: barua iliposema kwamba daktari wako wa familia anauafiki upimaji huu, waliorudisha kipimo waliongezeka. Mimi naelewa hivi: jina la mtu anayejulikana lina nguvu, na kufikishiwa kitu nyumbani kuna nguvu zaidi, na mwenye akili angevifunga viwili hivyo pamoja.

Je, Mgwashi daktari wa familia ni nani? Mlangoni hapana posta. Barua zinafika kwa sanduku la shule au la kanisa. Na neno “daktari wa familia” halina mtu wa kulibeba. Lakini lipo neno jingine lenye umri mkubwa, nalo ni mganga.

Katika Kisambaa mghanga alikuwa mtu wa nyumba, ajuaye dawa alizorithi au alizonunua kwa mwalimu wake. Juu yake palikuwa na uganga mkubwa zaidi, ule wa mfalme wa Vugha. Wafalme wa ukoo wa Kilindi, hasa katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, walihesabiwa kuwa na mvua mikononi. Wasambaa walisema kwamba mfalme mwenye nguvu asiye na mpinzani hufanya kazi ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Na wakuu wanaposhindana, nchi huharibika. Afya ilikuwa jambo la utawala kabla hata Mjerumani hajafika.

Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na mwaka 1904 Lutindi ikafunguliwa kuwa mahali pa wagonjwa wa akili. Bumbuli ilipata hospitali ya Kilutheri iliyokuja kuwa tegemeo la upande wote ule, Mgwashi ikiwamo, na ikafundisha matabibu. Serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1920 ilianza kuweka zahanati chini ya mamlaka za wenyeji, akakaa humo dresa, kijana aliyefundishwa miezi michache kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Dresa alichekwa na madaktari wa mjini, lakini kijijini ndiye aliyejua nani anakohoa. Baada ya uhuru, na hasa katika miaka ya 1970, zahanati ziliongezwa kwa wingi. Mwaka 1977 sheria ikazuia udaktari wa kibinafsi wa kutafuta faida, mpaka mwaka 1991 ulipofunguliwa tena. Ndiyo maana daktari wa familia, kama alivyokua Ulaya, mwenye kibao mlangoni na orodha ya nyumba zake, hakupata udongo wa kuotea kwetu. Mahali pake amekaa mtumishi wa umma, na serikali ikamwita kwa jina lile lile la kale: Mganga Mfawidhi wa Zahanati. Juu yake yuko Mganga Mkuu wa Wilaya, na juu zaidi Mganga Mkuu wa Serikali. Wageni hulishangaa neno hilo. Mimi naona kwamba lugha ilihifadhi kitu ambacho ofisi ilikisahau: mganga ni wa nyumba, na pia ni wa nchi.

Tena mgonjwa wa Usambara hajiamulii peke yake. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyechunguza Usambara tangu miaka ya 1960, ameonyesha jinsi ndugu na jirani wanavyokaa na kuamua mgonjwa apelekwe hospitali au kwa mghanga, na jinsi wanavyoweza kumtoa huku kumpeleka kule bila kuona kwamba wamejipinga. Nikikumbuka msiba wetu, nakubali kabisa. Mjomba hakukosa ndugu wa kuamua, alikosa kuwaambia. Damu ya chooni ni siri ya mtu, na siri haiamuliwi na baraza.

Kwa hiyo kipimo kinachotaka kufaa Mgwashi kingepaswa kuingia nyumbani kabla ya siri haijazaliwa, wakati ambapo hakuna aibu kwa kuwa hakuna damu. Milima hii imepata kujaribiwa mara mbili kwa jambo la namna hiyo, yaani kuombwa taabu ya leo kwa faida ya kesho, na majaribio hayo yanatofautiana kama usiku na mchana.

La kwanza ni matuta. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili udongo usimomonyoke. Hoja yake ya udongo haikuwa ya upuuzi. Lakini amri ilikuja na faini, kazi iliwaangukia sana wanawake, watu waliogopa kwamba ardhi itachukuliwa, na machifu waliotekeleza amri walionekana wanaiharibu nchi badala ya kuiponya. Mwaka 1957 mpango ukaachwa, na chuki yake ikakisaidia sana chama cha TANU milimani. Wazee wa Mgwashi mpaka juzi walilitamka neno “matuta” kwa sauti wanayotumia watu wanapomtaja mwizi wao.

La pili ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili, nchi nzima, walikusanyika katika vikundi vidogo kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mama yangu alikuwa mmoja wao, naye husema kwamba ile ndiyo mara ya kwanza aliposikia mwanamume akitamka neno choo mbele ya mama mkwe wake pasipo mtu kucheka. Sitaki kuipamba kampeni ile, maana vyoo vingine vilibomoka masika iliyofuata. Lakini kilichozungumzwa kikundini kilikuwa kimekwisha toka katika aibu, na aliyekizungumza alikuwa jirani.

Basi mtu angeweza kusema: shauri limekwisha, mhudumu wa afya wa kijiji na agawe vipimo nyumba kwa nyumba kwa jina la Mganga Mfawidhi, kila mwenye miaka hamsini apime, na nchi iponywe. Nilisema hivyo mimi mwenyewe, miezi michache baada ya mazishi, mbele ya daktari rafiki yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akanipa mambo matatu ya kufikiri.

La kwanza: kipimo kinatambua damu ya binadamu, hakitambui kilichoitoa. Minyoo ya safura hutoa damu, kichocho cha tumbo hutoa damu. Katika vijiji vyenye hayo, wengi wataambiwa wana damu ambao hawana saratani, na lazima ifikiriwe kwanza kutibu minyoo, kisha kupima tena. La pili: hemoglobini huharibika kwa joto na kwa kukawia. Choo kilichotoka Mgwashi kwenye baridi kitashuka Mombo juani, kikae katika basi la Tanga au la Moshi. Na damu iliyokuwamo yaweza isionekane tena, mtu akaambiwa yu mzima.

Jambo la tatu ndilo lililoninyamazisha. Kipimo si tiba, wala si jibu, ni mlango. Mwenye damu hana budi kutazamwa utumbo kwa kamera, na vinyama vikionekana vikatwe hapo hapo. Kamera hizo, pamoja na wajuzi wake, ziko Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando na hospitali nyingine chache. Rafiki yangu alinilinganishia na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wauguzi wetu huitafuta kwa siki: siki ikionyesha weupe, mara nyingi mama anatibiwa siku hiyo hiyo, jengo hilo hilo. Hapo mlango na chumba viko pamoja. Kwa utumbo, mlango uko Mgwashi na chumba kiko Moshi, na katikati pana nauli, foleni, malazi ya ndugu anayemsindikiza na shamba lililoachwa.

Nimeyatafakari maneno yake kwa muda mrefu, na sikubaliani naye yote. Anaona kwamba tusubiri kamera ziongezeke. Mimi naona kwamba kungoja ndiko kulikotuletea ramani yenye uwazi. Mahali ambapo hapaulizwi, pataandikwa daima kwamba hapana kitu, na pasipo kitu hapapelekwi kamera. Angalau mwenye damu inayoonekana, aliyepita miaka arobaini na mitano, asipewe dawa ya minyoo mara ya pili bila kutazamwa. Hilo halihitaji posta wala kipimo kipya. Linahitaji tu kwamba Mganga Mfawidhi aambiwe kuwa ugonjwa ule upo. Lakini kwa wazima wasio na dalili, nakiri kwamba hoja ya rafiki yangu ni nzito, na aliyeifanya kuwa nzito zaidi hakuwa daktari.

Mwaka jana nilipanda Mgwashi kumwona mama mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ana miaka sitini na minne. Tulikaa jikoni, moshi ukitutoa machozi. Nilimweleza habari ya kipimo kwa adabu niliyoweza, nikizunguka neno lile mpaka yeye mwenyewe akalitaja. Alitaka kujua kama kinauma, nikamwambia hakiumi. Kama ni ghali, nikamwambia tutalipa sisi watoto. Aligeuza ndizi zake motoni, akanyamaza, kisha akasema:

“Haya mwanangu, nitakupa hicho choo, si nilikuwa nakipeleka kwa kiberiti toka utoto? Ila niambie jambo moja. Wakiiona hiyo damu, wanipeleke wapi, na nani atakayekaa na ng'ombe wangu?”